Mhariri, ampu ya valvu mmeionea bure

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua barua ndefu huwa mnazikata ila hii nawaomba msiikate sana manake nimekaa nayo rohoni tangu niisome ile makala ya mwandishi wenu wa muziki kuhusu amplifaya za valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) za mtindo wa zamani. Kwa ambao iliwapita, jamaa alichukua gita lenye hambaka mbili (pikapu za koili mbilimbili, yaani vile vidude vya sumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi) akalichomeka kwenye ampu ndogo ya wati 12 iliyotengenezwa kwa kufuata mchoro wa miaka ya 1950, akapiga piga kidogo, akarudi kutuandikia kwamba sauti haina umbo, besi imemwagika kila mahali, na kwamba hizi ampu ni mapenzi ya wazee tu kwa vitu vya ujana wao. Mwisho akatoa ushauri kwamba kama mtu kang'ang'ania kununua ya valvu basi achukue ya wati 100, eti wati zikiwa nyingi ndo sauti inakuwa nzuri.

Sina ugomvi nae. Alichosikia alikisikia kweli, na mimi nilishawahi kukisikia kwa masikio yangu haya haya na nusura niiuze ampu. Ila kakamata mtuhumiwa siye. Alidhani anajaribu ampu, kumbe alikuwa anajaribu gita na ampu kwa pamoja, na kwenye hizi za mtindo wa zamani huwezi kusema hii nzuri hii mbaya mpaka uone imekaa na nani.

Ngoja niwape yalonikuta.

Nilikuwa napiga gita la solo kwenye bendi na ampu ya transista, yaani isiyo na valvu, haikuwa na shida yoyote, ila si unajua ukishasikia rekodi za zamani unaanza kuwashwa. Nikajibana jibana nikapata ampu iliyoundwa kwa mchoro ule unaoitwa 5E3, yaani Deluxe ya kampuni ya Fender ya Marekani, ile iliyovikwa kitambaa cha tweed iliyokuwa inatoka kati ya 1955 na 1960. Ndani ina valvu mbili za 6V6 za kutoa nguvu, mbili ndogo za mbele za kukuza sauti, na moja ya 5Y3 ya kugeuza umeme. Spika moja ya inchi 12. Nobu tatu tu, volyumu mbili na toni moja, basi. Hamna ya besi, hamna ya midi (sauti za kati), hamna rivabu (ile ya mwangwi). Nilipoiona nikasema hii ndo simpo ninayoitaka.

Siku ya kwanza mazoezini nikachomeka gita langu la hambaka, volyumu ya gita nikafungua mpaka mwisho kama nlivozoea, ya ampu nikaweka 8 (nobu zake zinaenda mpaka 12 sio 10, hilo nalo lilinichekesha), swichi iko pikapu ya shingoni, nikapiga kodi ya E wazi. Mhariri, kilichotoka pale kilikuwa kama mtu anahutubia akiwa kajifunika blanketi. Nyuzi za chini zote zimekuwa kitu kimoja, huwezi kusema hii ya sita hii ya tano, na nikiacha mkono inachukua muda ndo inatulia. Mpiga besi akanigeukia akaniuliza, kaka leo nani anapiga besi, mimi au wewe?

Nikahangaika nayo wiki nzima. Nikabadili nyuzi, nikabadili kebo, nikanunua pedali ya kukata besi, wapi. Nikaamua kuipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima ambae kazi yake ni kutengeneza redio na ampu za zamani, nikamwambia mzee hii ampu ina ugonjwa. Akaniambia piga nisikie. Nikapiga. Hakugusa hata bisibisi, alinyoosha mkono akashusha volyumu ya gita langu kutoka 10 hadi kwenye 6 hivi, akasogeza swichi kwenye pikapu ya nyuma, karibu na brigi nyuzi zinapofungwa, akasema haya kijana, piga ile ile.

Ilikuwa gita lingine. Kila uzi una nafasi yake, ukigusa taratibu sauti ni safi ina kama kung'aa fulani hivi, ukikaza mkono inaanza kukoroma kwa mbali, yaani vidole vyangu ndo vimekuwa pedali. Nilipiga pale kama nusu saa nimesahau kama nimekuja kwa fundi.

Sasa kwanini. Hapa ndo ningependa mwandishi wenu anisikilize kidogo. Zile ampu za katikati ya miaka ya 1950 zilikuwepo kabla hambaka haijafika kwenye magita. Hambaka ilibuniwa na Seth Lover pale kwenye kampuni ya magita ya Gibson mwaka 1955 na ikaanza kuwekwa kwenye magita mwaka 1957. Kabla ya hapo watu walikuwa na pikapu za koili moja (pikapu za gita jamani, sio zile za kubebea mizigo), ambazo zina sauti kali nyembamba na zinavuta ule mvumo wa umeme, mmmm, hezi 50 au 60 kutegemea umeme wenu. Lover akachukua koili mbili akazipanga kinyume na sumaku zake zikawa kinyume, ule mvumo unaingia kotekote halafu unajifuta wenyewe, lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Safi sana. Ila kwa kujumlisha hivo signo (umeme wa sauti unaotoka kwenye gita) inakuwa nene zaidi, ina nguvu zaidi, na trebo ya juu kabisa inapungua. Sasa signo nene hiyo unaipeleka kwenye 5E3 ambayo kapasita zake za kupitisha sauti kati ya valvu na valvu ni 0.1 mikrofaradi, wakati ampu nyingi zilizokuja baadae zinaweka 0.02 hivi. Kapasita kubwa inapitisha besi yote bila kuichuja. Alafu ampu yenyewe haina ule mzunguko wa kurudisha sauti nyuma kutoka kwenye spika ili kuibana inyooke, kwahiyo inaanza kupasuka mapema na kila kilichoingia kinene kinapasuka kikiwa kinene. Na mwisho wa yote ile 5Y3 ukiisukuma sana volti zinashuka kidogo alafu zinarudi, ndo ule ulaini unaousikia kwenye vidole kama unakanyaga godoro. Kwa koili moja ulaini huo ni raha tupu, kwa hambaka iliyofunguliwa mpaka mwisho tena ya shingoni, ndo lile blanketi.

Ndo mana nasema ampu haikuwa na ugonjwa. Mlango ulikuwa na ufunguo wake mimi nikawa nausukuma na bega.

Ukishalielewa hilo unaanza kuona kwanini ndoa fulani fulani za gita na ampu zimedumu miaka na miaka, na sio kwamba watu walikaa kikao. Gita la Fender Telecaster, ambalo lilianza kwa jina la Broadcaster mwaka 1950, ina pikapu ya nyuma kali ya kukata sikio, ukiipeleka kwenye tweed ule ukali unakutana na ule unene wanamalizana katikati. Gita la Stratocaster na zile ampu za Fender za miaka ya 1960 zenye paneli nyeusi ni hadithi ingine, Deluxe Reverb ya 1963 kwa mfano ni wati 22 kwa 6V6 zilezile mbili lakini midi imechimbwa shimo katikati, chini na juu vimesimama, na sauti inabanwa isipasuke haraka, ndo unapata ile klini (sauti safi isiyokoroma) inayomeremeta, ukiongeza rivabu unaweza kupiga arpejio moja (kodi uzi mmoja mmoja) ukaiskiliza mpaka inaisha. Hambaka kwenye hizo za paneli nyeusi huwa inakaa vizuri kuliko kwenye tweed kwa sababu lile shimo la midi linajazwa na unene wa hambaka. Mi mwenyewe hilo nililigundua kwa kuazima ampu ya mwenzangu.

Kuna Vox nayo, ampu za Uingereza. AC15 ilitoka 1958 halafu bendi ya The Shadows kule Uingereza walikuwa wanapiga kumbi ambazo mashabiki wanapiga kelele kuliko muziki, wakahitaji kitu chenye nguvu zaidi, ikaja AC30 ya valvu nne za EL84 na spika mbili. Hii ni kali juu, ina mlio wa kengele, kwahiyo ungedhani inataka gita nene tu, lakini Shadows walipiga na Stratocaster na ikawa vile ilivokuwa, halafu Brian May wa bendi ya Queen akaja na gita alilolitengeneza mwenyewe na baba yake, koili moja tatu, akaweka kifaa cha kusukuma trebo mbele yake, akachomeka kwenye AC30 zilizofunguliwa sana, na anachofanya sasa, hiki ndo nataka mkishike, anapunguza kwa volyumu ya gita akitaka safi na anafungua akitaka ikorome. Ampu haiguswi.

Alafu Marshall. Hii nitakaa nayo kidogo manake mwandishi wenu alisema mwenye hambaka amtafute Marshall, ni kweli, ila sababu aliyoitoa sio. Alisema ni kwa kuwa ina wati nyingi. Jamani. Ile Marshall ya kwanza kabisa ya 1962, JTM45, ilichorwa kwa kunakili Fender Bassman ya wati kama 45, ile ya spika nne za inchi 10 iliyotengenezwa kwa ajili ya gita la besi ila wapiga solo wakaivamia. Jim Marshall na mafundi wake walikuwa na duka la vyombo vya muziki London, wateja wanataka sauti ya Kimarekani na kuagiza kutoka Marekani ni ghali, wakasema tutaunda wenyewe. Mchoro ni karibu uleule. Kilichobadilika ni vipuri vilivyopatikana Uingereza. Valvu ya kwanza mbele kwenye Bassman ilikuwa 12AY7 ambayo inakuza kama mara 45 hivi, wao wakaweka ECC83 ambalo ni jina la Ulaya la 12AX7, hii inakuza mara 100. Spika wakaweka Celestion nne za inchi 12 ndani ya boksi lililofungwa nyuma badala ya lile la wazi la Fender. Basi, hapo tu ampu ikabadilika tabia, ikawa inapasuka mapema zaidi kwenye midi na ile besi inabaki imekazwa na boksi. Mwaka 1966 mpiga gita Eric Clapton akiwa kwenye bendi ya John Mayall akaingia studio na gita la Gibson Les Paul lenye hambaka na Marshall ya ukoo huohuo akaifungua sauti vile anavopiga jukwaani, na mpaka leo watu wanaitafuta sauti ile. Sasa niambieni hapo wati 100 ziko wapi? Ile ampu haikufika hata 50. Hambaka na Marshall wanapendana kwa sababu ya midi na boksi na valvu ya mbele, wati zilikuja baadae.

Na hesabu ya wati yenyewe watu wengi wanaikosea, naomba hili mlichapishe hata kama mengine mtayakata. Sikio la binadamu halisikii wati kwa kujumlisha. Ukitoka wati 10 kwenda 100, mara kumi nzima, sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili hivi tu. Ukitoka 50 kwenda 100 ni desibeli 3, mtu akipita mbele ya spika utapoteza zaidi ya hizo. Kuna spika kama ile Celestion ya bluu ya zamani ina desibeli 100 kwa wati moja ukiwa mita moja, ukitoka kwenye spika ya 97 kuja kwenye hiyo ni sawasawa na kudabo wati bila kugusa ampu. Wati 100 maana yake sio sauti nzuri wala safi, maana yake ni kwamba inabidi uipeleke juu sana ndo zile valvu za kutoa nguvu zianze kufanya kazi unayoilipia, na ukifika huko jirani ameshahama. Mtu anaepiga chumbani au kwenye ukumbi mdogo uliowekewa maikrofoni mbele ya spika, wati 12, 15, 22 zinamtosha na saa ingine zinazidi. Mi nikipiga na ngoma, ile 12 inafika, haifiki kwa klini kubwa kabisa, hapo sidanganyi, ukitaka klini ya kumzidi mpiga ngoma wa mkono mzito utahitaji kubwa zaidi.

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema mchagua jembe si mkulima, fundi anapiga na chochote. Sawa. Lakini hapa hatuchagui jembe, tunaangalia kama mpini umeingia sawasawa kwenye jembe ulilonalo.

Na mpini wenyewe una mambo madogo madogo ambayo hakuna anaeyaandika. Tuanze na soketi. Ampu nyingi za zamani zina soketi mbili kila chaneli, watu wanadhani ya pili ni ya rafiki. Kwenye Fender nyingi hizo ukichomeka kwenye namba 2 peke yake signo inakatwa nusu, desibeli 6, na kwa mwenye hambaka zenye nguvu hiyo soketi ni dawa ya bure kabisa. Mwandishi wenu hakutaja alichomeka wapi. Kingine, kwenye 5E3 zile volyumu mbili zinaingiliana, hata ile ya chaneli usiyoitumia, ukiizungusha unasikia chaneli yako inabadilika unene, kwahiyo zungusha zote mbili kabla hujatoa hukumu. Kebo nayo, kebo ndefu inakula trebo, mita 10 sio sawa na mita 3, na ukishusha volyumu ya gita ndo unaona zaidi, kwa ajili hiyo wengine wanaweka kakapasita kadogo kwenye nobu ya volyumu ili trebo ipite. Mi sijaweka, naupenda ule ulaini ukishusha, lakini ni mapenzi tu. Na ndani ya gita, nobu za magita ya koili moja kwa kawaida ni kilo omu 250 na za hambaka ni 500, ukikuta gita la hambaka mtu kaweka 250 sauti inakuwa butu hata kabla haijatoka kwenye gita, alafu anailaumu ampu.

Valvu ya mbele nayo unaweza kuichezea. Kwenye yangu muuzaji alikuwa kaweka 12AX7 sehemu ambayo mchoro wa asili unataka 12AY7, mafundi wengi wanafanya hivo ili ampu ionekane ina nguvu dukani. Mzee wangu yule akachomoa akaweka 12AY7, miguu ni ileile inaingia palepale, na ghafla volyumu ikawa na nafasi ya kuzunguka, mwanzo ilikuwa ukifika 3 tayari inakoroma sasa nafika 5 bado safi. Kuna na 5751 inakuza kama 70, na 12AT7 kama 60, hizo zote unaweza kujaribu mbele bila fundi kurekebisha kitu. Za nyuma za kutoa nguvu hapana, tena kwenye ampu zenye bayasi ya kuseti (kiasi cha umeme unaopita kwenye valvu ikiwa imetulia) lazima mtu anaejua apime, usibadili tu kama balbu.

Twende kwa mwanamuziki wa rock Neil Young kidogo, manake najua mwandishi wenu anaweza kunirushia huyu. Kweli, Neil Young anapiga Les Paul ya 1953 kwenye Deluxe ya tweed ya 1959, ndoa ileile ninayosema ina blanketi, na dunia nzima inampigia makofi. Lakini angalieni kwa karibu. Pikapu ya nyuma ya lile gita lake sio hambaka kubwa, ni ile ndogo iliyotoka kwenye gita la Gibson Firebird, nyembamba na kali zaidi. Alafu ana mashine imekaa juu ya ampu inazungusha nobu zake kwa mota, anakanyaga swichi chini, nobu zinajizungusha zenyewe mpaka alama aliyoichagua. Yaani mtu kaona hizo nobu ni muhimu mpaka kazitengenezea mashine, sisi tunaziweka kwenye 8 tunaenda kuandika makala. Na ile ya kupasuka pasuka kabisa anaitaka makusudi, ndo lugha yake. Anaetaka hivo asishushe kitu.

Nisije nikaonekana naabudu valvu. Gwiji wa blues B.B. King miaka mingi alipiga gita lake la hambaka kwenye Lab Series L5, ampu ya transista, na sijaona mtu mwenye akili timamu akimwambia sauti yake mbovu. Roland JC-120 ya 1975 nayo ni transista na kwa klini ni ngumu kuipiku. Valvu ni nzito, zina joto, zinachakaa, zinahitaji fundi, ukiiangusha ampu begani unaomboleza. Mtu akiniambia hataki usumbufu huo namuelewa kabisa. Nisichoelewa ni mtu kusema hazina sauti.

Kabla sijaondoka, kuna kitu kwenye ile makala kilinitisha kuliko yote, ile sentensi kwamba ampu hizi unaweza kuziwasha na kuzijaribu hata kabla spika haijachomekwa kusikiliza kama zina mvumo. Ndugu Mhariri tafadhalini chapisheni sahihisho. Ya transista huwa inavumilia, ya valvu hapana. Transfoma ya kutoa sauti isipopata spika ya kuipelekea nguvu, volti zinapanda zinatafuta pa kutokea, zinatoboa insulesheni. Mwenzangu mmoja kwenye bendi alichomoa spika wakati wa mapumziko ili ahamishe boksi upande wa pili, ampu akaiacha inawaka, mwingine akapita akapapasa gita lililokuwa bado limechomekwa. Tulisikia tik, tik, kama mtu anavunja kijiti, halafu harufu ya vanishi inayoungua ikaja taratibu, ukishainusa mara moja huisahau. Transfoma ilikufa pale pale na ilikuwa ghali kuliko valvu zote kwa pamoja. Na asije mtu akafungua ampu hizi nyumbani kuchungulia, ndani kuna volti 300, 400 na zaidi, na kapasita zinabaki na umeme hata ukishachomoa ukutani. Muacheni fundi.

Basi ombi langu ni dogo. Muulizeni mwandishi wenu, siku ile anajaribu, nobu ya volyumu ya gita lake ilikuwa namba ngapi? Na alichomeka soketi ya kwanza au ya pili? Akishajibu hayo mawili nipo tayari kumuazima Telecaster yangu arudi kwenye ampu ileile, na aandike tena.

Wenu msomaji,
Mpiga solo mstaafu (ila bado napiga)